Nusu gari bila maji, nusu bila kusuuza: shajara ya mradi

Hii naiweka kwa yeyote anayetaka kufuata au kurudia mwenyewe, nitakuwa naongeza kila hatua ikiisha. Swali lenyewe: kama huna mpira wa maji wala mashine ya presha, kati ya kuosha gari bila maji kabisa na kuosha kwa ndoo moja bila kusuuza, ipi inalinda rangi na ipi inakula vitu vingi, yaani dawa, taulo, muda na maji yenyewe.

Watu wanazichanganya sana hizi mbili kwa hiyo tuelewane kwanza. Bila maji ni ile dawa iko kwenye chupa ya kupuliza, unapulizia bodi, unafuta na taulo ya maikrofaiba, unakausha na nyingine, umemaliza. Bila kusuuza ni dawa kidogo kwenye ndoo ya maji, unachovya taulo au sponji, unapitisha, unakausha, hakuna kumwagia maji mengine juu maana kinachobaki kwenye rangi hakigandi kama shampuu ya kawaida. Kazi inayofanyika ni ileile: polima na vilainishi vinaizunguka chembe ya vumbi ili iteleze badala ya kukwaruza. Tofauti ni kiasi cha majimaji ambacho hiyo chembe inaogelea ndani yake, na nadhani ugomvi wote uko hapo, ila tuone.

3 Mei: Maandalizi

Gari ni jeusi, rangi isiyomsitiri mtu. Boneti imepigwa polishi mpaka mikwaruzo ya zamani ikaisha, afu nikaifuta kwa alkoholi ya isopropili iliyozimuliwa kwa maji, kwa sababu mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo ukadhani pasafi kumbe pamefichwa tu. Nta sijapaka, nikipaka inaanza kusaidia upande mmoja kuliko mwingine halafu sitajua nani kafanya nini.

Tepu ya karatasi ya mafundi rangi imepita katikati ya boneti kwa ajili ya picha. Upande wa dereva ni bila maji, upande wa abiria ni bila kusuuza, na gari zima limegawanywa hivohivo mpaka bampa ya nyuma. Picha napiga gizani kwa tochi ileile na pembe ileile. Usipige juani ukaamini, jua linahama na mawingu yanakuja.

Dawa nimechukua moja ya kukoleza, yaani nzito ya kuzimua mwenyewe kwa maji, ambayo lebo yake inaruhusu njia zote mbili, ili tofauti itoke kwenye njia na sio kwenye chupa. Kwa ndoo ni 1:256, ambayo ni karibu mililita 4 kwa lita, kipimo kilekile kinachojulikana kwa Optimum No Rinse, dawa ya kuosha bila kusuuza, na dawa nyingi za aina hiyo ziko hapohapo. Kwa chupa ya kupuliza ni 1:16, karibu mililita 60 kwa lita. Taulo zote za kufutia ni maikrofaiba za gramu 350 kwa mita ya mraba zisizo na pindo lililoshonwa, za kukaushia ni nene zaidi.

Kwa nini nahangaika na mikwaruzo midogo hivi: klia ya kiwandani, ile vanishi ya juu ya rangi, huwa na unene wa mikroni 40 mpaka 50 hivi, unywele wa kichwani ni mnene kuliko hapo. Kila ukipiga polishi kuondoa mikwaruzo umepunguza hiyo klia na hairudi. Kwa hiyo osha mbaya ya leo unailipia kwa klia ya kesho.

10 Mei: Vumbi jepesi

Hapa hakuna cha kusimulia sana. Gari lilikuwa na vumbi la kupita tu, lile unaloweza kuandika jina lako kwa kidole. Njia zote mbili zimetoa matokeo mazuri, tochi haikuonyesha kitu kipya upande wowote. Bila maji ilikuwa haraka kwa wazi kwa sababu hakuna ndoo ya kujaza wala kubeba, unachukua chupa na taulo unaanza. Matumizi yake kwa gari zima (nimezidisha nusu mara mbili) ni karibu mililita 400 za mchanganyiko.

Kama gari lako linalala ndani na linatembea lami tu, ungeweza kuacha kusoma hapa ukabaki na chupa yako.

17 Mei: Vumbi zito lililonyeshewa rasharasha

Hapa ndo bila maji ilipofeli, na ilifeli mahali ambapo sikuwa napaangalia. Mvua ndogo ilinyesha juu ya vumbi afu ikakauka, sasa vumbi la hivo halikai tu juu, linajishikiza kama ganda. Boneti ya upande wa dereva ilipita vizuri kwa macho. Lakini kwenye ile plastiki nyeusi inayong'aa ya nguzo kati ya milango, kwenye pito la kwanza la taulo nilisikia kwarr ndogo, nikasimama. Nikaigeuza taulo: kulikuwa na mstari wa kahawia upana wa kidole, na ndani ya mstari chembe moja ya mchanga inayong'aa, imenasa kwenye nyuzi. Kwenye plastiki mkwaruzo uko palepale ilipopita, umenyooka, urefu wa kama sentimita nne.

Hiyo plastiki ni laini kuliko klia ndo maana ilisema ukweli mapema, klia ingekaa kimya mpaka usiku wa tochi. Tangu hapo naitumia kama kipimo: nguzo ikilia, najua boneti nayo inaumia hata kama haionekani.

Upande wa abiria kwa ndoo, uchafu uleule, siku ileile, nguzo haikulia. Milango ya chini kabisa kule kwenye sketi ilikuwa na mkwaruzano kidogo kwa mkono, lakini sio kama upande wa pili.

Nilichojaribu hapohapo kuokoa upande wa bila maji:

Kupulizia zaidi. Ilisaidia ila dawa ilianza kutiririka chini na kubeba uchafu mpaka kwenye sketi, na matumizi yakapanda mpaka kama mililita 900 kwa gari zima.

Kupulizia na kusubiri, badala ya kufuta papo hapo. Hii ndo iliyosaidia zaidi, kama dakika moja hivi kivulini. Ganda linalegea lenyewe.

Kuilaza taulo na kuivuta kwa uzito wake bila kukandamiza, pito moja mwelekeo mmoja, afu kugeuza uso safi. Taulo ukiikunja mara mbili unapata nyuso nane, na kwenye uchafu huu kila uso ulikuwa umekwisha baada ya pito moja au mawili. Ndo hapo unaelewa kwa nini taulo zinaisha kabla ya gari.

Sehemu za chini ya mstari wa vitasa upande wa dereva niliacha kuziosha kwa njia ya bila maji, zikamaliziwa kwa ndoo. Kwa uchafu wa aina hii naandika kabisa: bila maji ni ya juu ya vitasa tu.

24 Mei: Upande wa ndoo nao una yake

Msije mkadhani bila kusuuza ni malaika. Leo gari lilikuwa limekaa juani, boneti ya moto, na upande wa abiria wote ulitoka na ukungu, ile hali ya kama umepaka mafuta ya mgando afu ukayafuta vibaya. Kioo cha mbele ndo kilikuwa kibaya zaidi, usiku taa za magari mengine zilitawanyika upande mmoja wa kioo na mwingine hapana.

Kulikuwa na sababu mbili na zilichukua muda kuzitenganisha. Ya kwanza ni joto, maji yanakauka kabla hujafika na taulo ya kukaushia, yanaacha dawa na madini yake juu. Ya pili ni kipimo: dawa ilimiminwa kwa kizibo cha chupa, na kizibo kina nidhamu yake mwenyewe. Nilipopima baadaye, "kizibo kimoja na kidogo" kilikuwa karibu mara mbili ya kinachotakiwa. Kwenye dawa hizi kuzidisha hakuongezi usafi, kunaongeza utando tu.

Marekebisho: bomba la sindano la mililita 20 limefungwa kwa uzi kwenye mpini wa ndoo, ndoo ina alama ya lita 8 kwa kalamu ya wino usiofutika, mililita 31 zinaingia, habari imeisha. Gari linapozwa kivulini mpaka unaweza kuweka kiganja kwenye boneti ukakiacha. Napita paneli moja, nakausha paneli moja, sigusi ya pili kabla. Kioo cha mbele kinafutwa mara ya pili kwa taulo yenye unyevu wa maji matupu, afu kavu. Ukungu umeisha wote.

Kama maji yako ni magumu, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, hili la kukausha mapema ndo muhimu zaidi. Kalisiamu ikishakaukia kwenye rangi nyeusi, taulo haiitoi tena, unahitaji kitu chenye asidi kidogo kama siki iliyozimuliwa, na hapo kazi imekuwa nyingine.

31 Mei: Sponji au taulo nyingi

Upande wa abiria niliugawa tena, mlango wa mbele kwa sponji, wa nyuma kwa taulo nyingi. Hii ya taulo nyingi wenyewe wanaiita njia ya Garry Dean, muosha magari wa Marekani aliyeieneza: taulo kadhaa zinalowa kwenye ndoo tangu mwanzo, unatoa moja, unakunja, unatumia nyuso zake, ikichafuka haurudishi ndani ya ndoo, unachukua nyingine. Ndoo inabaki safi mpaka mwisho.

Sponji ni rahisi na ina raha yake, unachovya unapitisha unakamua. Na ni kweli kwamba dawa hizi zinafanya uchafu uzame, ukiacha ndoo dakika chache juu panakuwa peupe na chini kuna tope. Tatizo ni kwamba ukichovya sponji unavuruga tope lilelile, labda uwe na kile kichujio cha plastiki cha kuweka chini ya ndoo na mkono usiofika chini. Nilifanya na kichujio, matokeo mazuri. Bila kichujio nilimaliza nusu ya mlango nikaacha, maana kwenye sponji huioni chembe, inaingia kwenye tundu, unaendelea kuipitisha gari zima. Taulo inakuonyesha ilichokibeba. Kwa sababu hiyo tu nimehamia kwenye taulo, sio kwa sababu sponji ni mbaya.

7 Juni: Kuloweka kwanza, na pampu iliyogoma

Lile la kusubiri dakika moja la tarehe 17 lilinikaa kichwani. Kama kinachosaidia ni kulegeza uchafu kabla ya kuugusa, basi kwa nini nilegeze kwa dawa kali ya 1:16 wakati maji ya ndoo ya 1:256 yanalegeza vilevile? Nikachukua pampu ya mkono ya lita moja na nusu, ile ya kupulizia mimea, mpya, haijawahi kuwekwa dawa ya wadudu (tafadhali iwe hivo), nikaijaza mchanganyiko wa ndoo. Mililita 6 za dawa tu. Pande zote mbili za gari zikalowekwa kutoka chini kwenda juu, maana chini ndo kwenye uchafu mwingi na ndo kunakotakiwa kulowa muda mrefu, zikaachwa dakika mbili tatu, zikapuliziwa tena.

Upande wa dereva ulibadilika kabisa. Nguzo haikulia hata mara moja. Dawa ya 1:16 iliyotumika baada ya kuloweka ilishuka mpaka kama mililita 300 kwa gari zima, kwa sababu kazi ngumu ilishafanywa na maji ya bei ya chini. Sasa mtu ataniambia hiyo sio bila maji tena. Sawa, sio. Na mi ndo ninachosema, kwamba mstari kati ya njia hizi mbili ni mwembamba kuliko wauzaji wanavyouchora, ukiongeza majimaji kwenye bila maji unakaribia bila kusuuza na faida inakuja nayo.

Pampu yenyewe ilinisumbua. Katikati ya kazi ilipoteza presha, ikawa inatema matone makubwa badala ya ukungu mwembamba. Ilikuwa raba ya shingo, imekauka na inavuja hewa. Kupaka mafuta ya mgando ndo watu wengi wanashauri na inafanya kazi siku mbili tatu, afu raba nyingi huvimba na kulegea kwa mafuta yatokanayo na petroli kama hayo. Weka mafuta ya silikoni. Na ukimaliza kazi toa presha yote, usiiache pampu imejaa upepo kwenye kona mpaka wiki ijayo.

14 Juni: Maji yaliyojificha kwenye taulo

Hesabu hii nilikuwa naikwepa. Kwenye karatasi bila maji inatumia nusu lita na ndoo inatumia lita 8, pamoja na pampu lita 9 na nusu. Ukilinganisha na mpira wa maji unaotoa lita 15 mpaka 20 kwa dakika, zote mbili ni utani. Lakini bila maji ikila taulo kumi na mbili kwenye uchafu mzito, hizo taulo zinafuliwa wapi? Mashine ya kufulia ya mlango wa mbele inatumia kama lita 50 kwa mzunguko. Na maikrofaiba haichanganywi na pamba, inabeba nyuzi za pamba na kuja kuzimwaga kwenye gari, kwa hiyo mashine inazungushwa kwa ajili ya taulo peke yake. Gari "halikutumia maji" ila nyumba imetumia lita 50.

Ndoo nayo ina taulo zake, kama nane za kufutia na mbili tatu za kukaushia, kwa hiyo haiponi.

Nilichofanya: taulo zilizochafuka zinalazwa kwenye maji ya ndoo yaliyobaki, yana dawa bado, zinasuguliwa kwa mkono mpaka mchanga utoke, zinakamuliwa na kuanikwa. Mashine inasubiri mpaka zijae mzigo mzima kutoka osha kadhaa. Sabuni ya maji kidogo, hakuna kilainisha nguo kabisa maana kinaziba nyuzi na taulo inaanza kusukuma maji badala ya kuyanyonya, na hakuna moto mkali wa kukaushia. Kwa upande wa bila maji hiyo ndoo haipo, lazima uitengeneze kwa ajili ya kufulia tu, na ukishaitengeneza unajiuliza kwa nini hukuanza nayo.

Dawa: mililita 400 za 1:16 zina karibu mililita 24 za dawa halisi. Ndoo na pampu pamoja ni 37. Hiyo ni kwa vumbi jepesi. Kwa vumbi zito bila maji ilifika 900, ambayo ni zaidi ya 50, na ndoo ilibaki 37 vilevile kwa sababu ndoo haijui gari limechafuka kiasi gani. Ukinunua dawa ya bila maji iliyokwisha kuchanganywa badala ya kukoleza, unalipia maji na chupa, na mahesabu yanakuwa mabaya zaidi.

28 Juni: Tochi

Boneti imefutwa tena kwa alkoholi ili isifichwe na kitu, tepu katikati, giza, tochi.

Upande wa abiria: mikwaruzo michache sana, miembamba, mingi iko karibu na ukingo wa mbele ambapo wadudu hugandia. Hao wadudu ni mada yao, taulo iliyolowa inalazwa juu yao kama kitambaa cha homa mpaka walainike, hasugui mtu. Kinyesi cha ndege vilevile, na usikiache mpaka wikiendi, kinaila klia.

Upande wa dereva: mikwaruzo ni mingi kwa kutazama tu, mifupi na iliyonyooka, inafuata mwelekeo wa taulo. Haina ile mizunguko ya kuosha kwa duara. Kwenye picha, iliyoongezeka baada ya 7 Juni, kuloweka kulipoanza, ni kidogo sana ukilinganisha na ile ya kabla. Hili ni gari moja na mkono mmoja, rangi laini au ngumu zaidi itatoa picha nyingine, ila mpangilio wake unaeleweka.

5 Julai: Utaratibu ulipofikia

Mgawanyo wa nusu kwa nusu umeisha, gari zima linaoshwa namna moja sasa. Vumbi la kupita: chupa ya 1:16, juu ya vitasa tu, na ikiwa nguzo italia naacha. Chochote zaidi ya hapo: pampu kwanza, dakika mbili tatu, afu taulo za ndoo kuanzia paa, vioo, boneti, milango ya juu, buti, milango ya chini, bampa. Sketi zina taulo zake zilizochakaa ambazo haziruhusiwi kurudi juu. Rimu zinaoshwa mwisho na maji yaliyobaki baada ya taulo, kwa brashi yake, vumbi la breki lina chuma na silitaki hata karibu na taulo za bodi.

Kisichofanya kazi bado ni tope bichi kwenye madigadi na nyuma ya matairi. Pampu ya mkono inalilowesha lakini hailisukumi, na kuligusa kwa taulo kabla halijaondoka sitaki. Nimeagiza pampu ya betri yenye kichwa kinachotawanya maji kwa upana, ikifika nitaipima kwa lita moja na nusu zilezile na kuandika hapa kama inaangusha tope au inaligeuza uji tu.